Mashimo ya Ng'ambo ya Lukashi

Vita vilipofika kwetu Kamina, Denise alikuwa na miaka arobaini na miwili, na hapakuwa na mtu mtaani aliyemshinda kutafuta panya wa porini. Sisemi panya wa nyumbani, wale wa kutafuna nguo na sabuni. Nasema mpuku, panya wa mashambani, mnene, mwenye mgongo wa rangi ya majani makavu, anayekula karanga na mizizi ya mihogo, na nyama yake ukiibanika harufu inafika nyumba ya tatu. Mimi nilikuwa jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi asiyelipwa, na mengi ya haya niliyaona. Mengine aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, bila kuulizwa.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, mzee Ferdinand, mkulima ambaye watoto wake wa kiume walikufa wadogo wote, akabaki na Denise. Alimwonyesha shimo lililozibwa kwa ndani asubuhi, maana yake mwenye nyumba yumo. Alimwonyesha mlango wa nyuma, ule ambao panya anauacha na ngozi nyembamba ya udongo juu ili siku ya hatari apasue na kutoka. Ukiuziba huo kwa jiwe kabla ya kupuliza moshi, umemaliza kazi. Alimfundisha pia kwamba kuchimba si kitu, mtu yeyote anachimba. Kazi ni kujua mahali. Unapita shamba lililovunwa nusu, unaangalia maganda ya karanga yalivyotupwa, vijia vyembamba kwenye nyasi, vinyesi kama vipya au vikavu, na unajua kama hapa pana jioni moja ya nyama au mwezi mzima.

Mahali pake Denise hakumwambia mtu. Alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Wanawake wa sokoni walimwita Mama Mpuku, naye alijifanya kukasirika.

Mumewe, Albert, alikuwa mlinzi wa mabehewa. Mshahara wa reli ulipokatika alishuka Bukama kununua samaki wa kuuza, na huko akapata mwanamke mwingine, akabaki. Denise hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyumba ya matofali mabichi, majembe mawili, kikapu chenye kifuniko, na hilo jina lake.

Halafu vikaja vita vya mwaka tisini na nane. Askari wakajaa mjini, na mbuzi, nguruwe na kuku wakaisha kwa wiki chache. Watu waliokuwa wakikunja pua wakipita mbele ya kikapu cha Denise sasa walimsubiri njiani kabla hajafika sokoni. Alibadilishana panya kwa unga, chumvi na sabuni. Alinenepa kidogo, wakati sisi wengine tulikuwa tunafunga suruali kwa kamba. Na vijiji vya upande wa mashariki vilivyokimbia viliacha mashamba bila mwenyewe, mihogo na karanga zikibaki ardhini.

Siku moja tukiwa tumekaa mbele ya nyumba yake aliniambia, "Mwalimu, kijiji kikikimbia, mpuku banazaa. Banakula karanga ya bantu, na hapana muntu wa kubafukuza."

Alisema hivyo akipasua kuni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, wakimbizi kutoka Malemba-Nkulu walianza kuingia mjini kwa miguu. Walikuwa wamepitia Kabondo-Dianda, wengine wiki tatu njiani. Parokia iliomba kila mwenye nafasi ampokee mmoja. Denise alimpokea Abigaïl, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko. Mumewe, Abner, aliuawa na wanamgambo mbele ya ghala lao la mahindi. Abigaïl hakuwa na kitu ila kitenge alichovaa na sufuria bila mpini.

Denise alimpa mkeka na akamlisha. Baada ya siku kumi akamwambia, "Weye uko na mikono. Kesho tutaenda pamoja."

Hakuwahi kumchukua mtu porini kabla ya hapo. Nafikiri alikuwa amechoka kuwa peke yake. Alimfundisha yote, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, moshi wa majani mabichi, namna ya kumshika panya shingoni na kumvunja meno ya mbele kwa jiwe ili asitoboe kikapu, kwa sababu panya aliye hai anauzwa vizuri kuliko aliyekufa. Abigaïl alimwita yaya, kama dada mkubwa, na alimpokea jembe begani kila walipotoka.

Shida ni kwamba Abigaïl alikuwa na jicho. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anaona mahali ambapo Denise alipita bila kuona. Walikuwa na sehemu moja kando ya tuta la reli, Denise alikuwa akiiwinda kwa miaka ishirini. Asubuhi hiyo walichimba mashimo manne, yote matupu. Denise akaanza la tano. Abigaïl alisimama akiangalia nyasi za upande wa pili, kisha akasema polepole, "Yaya, hapa banahama. Banaenda kule chini, ku mihogo ya ule muntu aliyekimbia. Angalia njia yabo."

Walikwenda. Wakatoa panya kumi na saba kabla ya jua kuwa kali.

Jioni, kama kila jioni, Abigaïl alichagua wale wanono zaidi akampa Denise kwa mikono miwili, akipiga magoti kidogo. Denise aliniambia kwamba kitu hicho ndicho kilichomchoma. Angekuwa mwizi au mwenye maringo, angemfukuza. Lakini alikuwa anampa.

Sokoni mambo yalibadilika pia. Djo, kijana wa baa karibu na stesheni, aliyekuwa mteja wa Denise tangu zamani, siku moja alipita kikapu chake akaenda kuchungulia cha Abigaïl.

"Djo," Denise akamwita, "hii haikutoshi?"

"Inatosha, mama. Lakini za huyu mudogo yako iko na mafuta." Akacheka. "Sasa yeye njo Mama Mpuku. Weye sasa ni bibi yake Mpuku, muzee."

Wanawake walicheka. Abigaïl hakucheka. Alifunika kikapu chake na kusema kwamba panya wote ni wa yaya. Hiyo ikawa mbaya zaidi.

Sasa niseme habari ya ng'ambo ya Lukashi. Lukashi ni kijito upande wa kaskazini mwa mtaa wetu, maji yake yanafika magotini wakati wa kiangazi. Ng'ambo yake kulikuwa na mashamba ya karanga. Mwaka mmoja kabla, askari walihifadhi mafuta yao kule kwenye kilima kwa miezi michache, na kuzunguka kilima walitega mabomu ardhini. Waliweka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Mbuzi wawili walilipuka, kisha mzee mmoja aliyekwenda kuwatafuta. Askari walihama, mabomu yakabaki. Hakuna aliyelima tena kule. Wenyeji wote walijua, hata watoto. Lakini mwezi wa nane, moto wa nyika ulivuka kutoka juu ukala nyasi zote, na vijiti na vitambaa vikaungua pamoja nazo. Palibaki eneo jeusi, safi, na juu ya weusi ule kila shimo la panya lilionekana kama jicho. Karanga za misimu miwili zilikuwa zimeoza na kuota humo bila kuguswa na mtu. Panya walikuwa wengi mno.

Abigaïl aliona hayo akiwa anateka maji. Jioni walipokuwa wanakula bukari na majani ya mihogo alisema, "Yaya, ng'ambo ya maji iko mashimo mingi. Mingi kabisa. Juu ya nini hatuendake kule?"

Denise aliniambia kwamba aliendelea kutafuna. Alifinyanga tonge jingine, akalichovya, akalimeza.

"Minyi maji inanisumbua miguu," akasema.

"Kwani iko kitu kule? Nilisikia bantu banasema habari ya askari."

"Askari balitoka zamani."

"Basi nitaenda peke yangu. Nitakuletea."

"Nenda," Denise akasema.

Hapo ndipo nilipomuuliza, siku ile aliponisimulia, kama alikuwa na nia. Alisema alijua neno la kusema, lilikuwa fupi tu, na alilishika mdomoni pamoja na chakula, akameza vyote viwili. Alisema pia kwamba alilala vizuri.

Asubuhi Abigaïl alitoka na jembe, kamba na kikapu. Denise alikaa mlangoni akishona mdomo wa gunia. Karibu saa tatu tulisikia mlio. Mimi mwenyewe niliusikia. Nilikuwa naandika tarehe ubaoni, vioo vilitikisika, watoto wakainua vichwa, nikawaambia ni askari wanafanya mazoezi, waendelee. Mtaa mzima ulisikia. Watu walisimama kidogo kwenye milango, wakatazama upande ule, wakarudi ndani.

Denise alimaliza kushona gunia. Akafagia uwanja. Akapika maharage, na maharage yanachukua muda. Alisema alikuwa akijiambia kwamba mtu aliyekufa hahitaji haraka, na aliyepona atakuja mwenyewe. Ilipofika saa tisa alichukua kitenge akateremka kwenye kijito.

Abigaïl alikuwa ufukoni, upande wa huku. Alikuwa hai. Mguu wa kushoto chini ya goti haukuwa mguu tena. Juu ya goti alikuwa ameukaza kwa kamba ya kufungia panya, akaizungusha kwa mpini uliovunjika wa jembe mpaka nyama ikavimba pande zote mbili. Nyuma yake, juu ya majivu ya ng'ambo, palikuwa na mchirizi mrefu. Hakuwa amekata njia ya mkato. Alitambaa kinyumenyume, akiweka mikono na goti katika nyayo zake mwenyewe za asubuhi, moja baada ya nyingine, kwa sababu alielewa kwamba mahali alipokuwa amekwisha kukanyaga ndipo pekee palipokuwa salama. Ilimchukua karibu saa sita. Na kikapu alikuja nacho, akikivuta kwa meno. Ndani mlikuwa na panya kumi na mmoja, wengine bado wakihema.

"Yaya," alisema, "umekuja."

Denise alikimbia kumwita Djo, ambaye alikuwa na kinga, baiskeli yenye kiti imara cha nyuma. Walimfunga Abigaïl kwenye ile baiskeli kama gunia la makaa na kumsukuma hadi hospitalini. Dawa ya usingizi haikuwapo. Muuguzi, mwanamke mrefu aliyekuwa hajalala siku mbili kwa ajili ya majeruhi, alimwambia Denise, "Weye njo wa familia? Basi shika mabega. Kwa nguvu, na usiangalie."

Denise aliyashika mabega kwa nguvu. Hakuangalia msumeno, akaangalia uso, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuangalia. Abigaïl alikuwa na kitambaa mdomoni, na macho yake yalikuwa wazi muda wote, yamemkazia Denise. Hayakuwa na swali ndani. Denise alisema hapo ndipo alipojua kwamba mwenzake amekwisha kujua.

Mtaani tulimsifu Denise. Padri alimtaja baada ya misa, mwanamke maskini aliyemwokoa mgeni na sasa anamtunza kama mdogo wake. Wanawake walimletea mkaa na mafuta ya mawese. Alipokea. Kila siku aliosha jeraha, alibadilisha vitambaa, alimbeba Abigaïl hadi chooni. Abigaïl alisema asante, yaya, kila mara, bila kukosa hata moja. Denise alisema angependa kutemewa mate.

Mvua zilikuja. Jioni moja, mwezi wa kumi na moja, wakiwa ndani wawili, Abigaïl alisema, "Ulijua."

"Nilijua," Denise akajibu.

"Na ulisikia mulio."

"Nilisikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ku mulango. Nilikuwa nashona gunia."

Abigaïl alikuna paja juu ya mguu usiokuwapo. "Leo ile gunia iko wapi?"

Denise akamwonyesha. Lilikuwa na unga, limeegemea ukutani.

"Muzuri," Abigaïl akasema. "Kesho usiende ku tuta la reli. Haina kitu. Utaenda nyuma ya kiwanda cha matofali kilichokufa, ku mihogo yenye majani ya njano. Bapo."

Kuanzia hapo ndivyo walivyoishi. Abigaïl alipata magongo kutoka kwa fundi wa parokia, akawa anauza panya mbele ya duka la Shafii, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Maniema. Shafii ni Mwislamu, panya kwake ni haramu, lakini alimruhusu akae kwenye kivuli cha ukuta wake, ilimradi kikapu kisigusane na magunia yake ya unga. Mbele ya duka lile kila mtu alipita, askari, wanawake wa mihogo, wachuuzi wa samaki kutoka Bukama, wakimbizi wapya. Abigaïl aliwauliza tu. Shamba gani limeachwa, moto umepita wapi, na pia mabomu yametegwa wapi, maana kadiri vita vilivyosogea askari walitega mengine, na vijiti havikudumu. Mambo hayo yote aliyatunza kichwani. Jioni alimwambia Denise pa kwenda.

Denise alikwenda. Alikuwa hana habari nyingine ila zile za Abigaïl, kwa sababu watu walipomwona yeye walimsifu na kupita, hawakusimama kuongea. Kila asubuhi alitembea kwenye majani ambayo mwanamke yule amemchagulia, na kila hatua aliweka mguu kama anayeuazima. Na kila siku alikuta panya, mahali palepale, wengi kama alivyoambiwa. Hakulala tena vizuri.

Siku moja alitumwa kwenye ukingo mrefu karibu na barabara ya zamani ya Kabondo-Dianda. Katikati ya ukingo aliona kijiti kimelala, na kwenye ncha yake kipande cha kitambaa kilichochujuka, huenda kiliwahi kuwa chekundu. Alisimama. Alinisimulia kwamba alibaki amesimama hadi jua likawa utosini, akijikojolea bila kuthubutu kusogeza mguu, kisha akakumbuka namna Abigaïl alivyorudi, akaanza kurudi kinyumenyume ndani ya nyayo zake. Alifika nyumbani na kikapu kitupu.

Abigaïl alikuwa anachambua mchele. "Hakuna mpuku?"

"Iko kijiti. Iko kitambaa nyekundu."

"Ile? Ile ni ya bantu ba barabara, balikuwa banapima." Aliinua macho, akaona kitenge kilivyolowa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alicheka, kicheko kirefu, mpaka akaweka ungo chini. Halafu akajifuta macho. "Ulifikiri minyi nitakutuma kufa? Weye ukikufa, nani atanichimbia?"

Walikaa hivyo miaka minne. Watu walisema walivyopendana.

Vita vilipopoa, kaka yake Abigaïl alituma ujumbe kutoka Malemba-Nkulu kwamba amejenga tena, arudi. Denise alimsindikiza stesheni. Treni ya Bukama, ya kumfikisha penye mashua, ilichelewa siku mbili, nao wakakaa chini kwenye saruji wote wawili na mzigo mmoja kati yao, wakila mihogo ya kuchemsha. Siku ya pili, filimbi ikisikika mbali, Denise akasema alichokuwa amekitafuta kwa miaka minne. Hakusema kwa maneno mazuri. Alisema, "Naomba unisamehe ile kitu."

Abigaïl alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa. Alikifunga hadi mwisho, akajaribu fundo kwa kidole.

"Nimesikia," akasema.

Wanaume wawili wakampandisha kwenye behewa. Alikaa upande wa pili, ambako dirisha lake halikuelekea jukwaa.

Denise alirudi kwenye kazi yake wiki iliyofuata. Alitoka na jembe alfajiri, akafika shamba la mtu aliyehama, akaangalia. Mashimo aliyaona. Lakini hakujua tena lipi lina mwenye nyumba ndani na lipi ni tupu, lipi la jana na lipi la mwaka jana. Alichimba saba, hakupata kitu. Alijaribu tuta la reli, nyuma ya kiwanda, kila pahali alipofundishwa na baba yake. Kwa miaka minne alikuwa ametazama miguu yake tu, na jicho lilikuwa limekwisha. Mwaka ule aliuza majembe yote mawili. Siku hizi anauza samaki wakavu, wa kuletewa na wengine, na mtu akimwita Mama Mpuku haitiki.